Kompyuta ya Kumsikia Cak Pangat

Kugombana na mtu asiyeweza kujibu ni kazi, msione watu wanaishi. Mume wangu Supangat, ambaye mtaa wote unamwita Cak Pangat, yaani Kaka Pangat, alitolewa uvimbe kooni kwa sababu ya sigara zake za karafuu, na madaktari wakaondoka na sauti yake yote. Wakamwachia tundu shingoni analolifunika kwa kitambaa. Tangu hapo mimi ndiye ninayesema na mimi ndiye ninayejijibu. Namwambia, "Umeacha tena taulo bichi kitandani!" Zamani angenirudishia palepale, "Kitanda nilinunua mimi, taulo nilinunua mimi, wewe Kasiati unadai nini hapa?" Tungeendelea hivyo mpaka jirani agonge ukuta. Sasa ananitazama tu, analichukua taulo, anakwenda kulianika. Jamani, mimi niliolewa na mwanamume mwenye mdomo.

Halafu nikaanza kuisahau sauti yake. Hilo ndilo lililonitia wazimu. Maneno yake nayakumbuka mpaka kesho, ila sauti yenyewe, ule mkwaruzo wake na jinsi ilivyopanda akikasirika, ikawa inanitoka kidogo kidogo. Nikiwa nakaanga tempe, zile za soya, najaribu kumsikia akiniita kutoka mlangoni, wapi! Simsikii. Picha zake tunazo tele, mpaka za utotoni. Sauti hatuna. Simu yetu ya zamani iliibiwa soko la Wonokromo, na yeye hakuwa mtu wa kutuma ujumbe wa sauti. Akikutaka anasimama mlangoni anapiga ukelele, mtaa mzima unageuka.

Ilibaki mahali pamoja tu, ndani ya gemu ya mpira.

Tulikuwa na duka la gemu hapo sebuleni, enzi zile kabla simu hazijawaingiza watu wote mifukoni. Vijana walikuja na sare za shule, wakalipia saa moja, wakakaa tatu. Gemu waliyoipenda ni ya mpira, na mtangazaji wake alikuwa Mzungu mmoja ambaye hakuna aliyemwelewa. Cak Pangat akawa anasimama nyuma yao anatangaza kwa sauti kumshinda yule Mzungu. Sasa kulikuwa na mwanafunzi wa chuo, Hendrik, alipanga chumba nyuma kwetu. Yule mtoto alijua kompyuta balaa. Akasema, "Cak, nimtoe huyu Mzungu nikuingize wewe?" Wakajifungia ndani ya kabati la nguo, wakaziba mlango kwa godoro, mume wangu akabwata humo mpaka akatoka amelowa jasho. Baada ya hapo ukiweka gemu unamsikia yeye, kwa Kijawa chetu cha Surabaya kisicho na adabu. "Kipa gani huyu, anadaka mpira au anakimbiza kuku wa watu?" "Piga bwana, unamsubiri mkweo akupe ruhusa?" Na goli likiingia, "Goooli! Kasiati, kahawa!" Vijana wote wanaitikia, "Kasiati, kahawa!" Nikawa natoka jikoni kuwatukana, na wao wanacheka mpaka wanaanguka. Nilichukia wakati ule. Mjinga mimi.

Kwenye maduka ya gemu hatukutumia santuri, zilikwaruzika mno. Gemu zote ziliwekwa kwenye diski ngumu, ile ya chuma, inayochomekwa mgongoni mwa mashine. Mashine ikifa, Cak Pangat anachomoa diski, anaichomeka kwenye mashine nyingine, anawasha. Mashine mpya inauliza swali moja hivi la Kiingereza, yeye anabonyeza ndiyo, gemu zote hizo hapo. Alifanya hivyo miaka na miaka, hata macho hakuangalia, huku anapiga soga na wateja.

Duka lilipokufa tuliuza mashine zote kwa kilo, tukabakiza moja na diski yake. Alipotoka hospitali nikaikimbilia hiyo. Naiwasha, kimya. Kuifungua, sisimizi wamejenga mji mzima mle ndani, umeme ukawapitia ukaunguza kila kitu. Diski ilikuwa salama kwenye kisanduku chake. Mashine ndiyo ilikuwa marehemu, na zilizobaki sokoni Dupak ni zile nyembamba za baadaye, hazina mahali pa kuchomeka diski.

Ndipo mdogo wangu Rokim, anayetengeneza feni na tivii pale njia panda, akaja na habari zake.

"Dada, acha kulialia. Siku hizi kompyuta inaigiza mashine yoyote. Unaiwekea programu, inajifanya mashine ya gemu, hata mashine yenyewe ingedanganyika."

"Kompyuta tutaitoa wapi, kwa babu yako?"

"Babu yangu ni babu yako pia. Tunaunda wenyewe. Vyuma vya mitumba, bei ya kutupa."

Nilikuwa na zamu yangu ya upatu, nikaitoa. Wakaanza kwenda Dupak, wawili hao, wanarudi na mifuko. Leo bodi ya kompyuta ya ofisi iliyofilisika. Kesho kadi ya picha kutoka duka la intaneti lililofungwa, imejaa vumbi utadhani imechimbuliwa. Feni ilitoka kwa Rokim mwenyewe. Na Cak Pangat, mtu aliyekuwa anashinda kitandani anaangalia dari, akafufuka. Alikaa sakafuni na bisibisi mdomoni, akasugua meno ya kadi ya kumbukumbu kwa kifutio cha shule, kama mafundi wote wa kwetu, akaipuliza kwa pampu ya baiskeli kwa sababu pumzi ya kupuliza hana tena. Siku kompyuta ilipotoa mlio wake wa kwanza alinishika mkono akaubana. Nikamwambia, "Usinibane, mimi si bisibisi." Moyoni nilikuwa nachekelea kama bibi harusi.

Kilichopungua kilikuwa diski. Muuzaji wa Dupak alikuwa ameichomoa auze peke yake, na upatu ulishakwisha.

Rokim akakuna kichwa. "Cak, si tunayo moja? Ile ya mashine. Ni diski ileile tu, kompyuta inaikubali. Programu zitakaa humo na gemu zako humo humo."

Mume wangu akapiga paja lake, paa! Kana kwamba amekasirika kwa kutowaza hilo mwenyewe. Akakimbilia kabatini kuileta.

Ilikuwa Jumapili asubuhi. Nilipika rawon, ile nyeusi yenye nyama ya kifua, na mayai ya chumvi pembeni, kama siku ya mgeni. Mniamini msiniamini, nilichana nywele na kupaka poda. Mtu anakwenda kusikia sauti ya mume wake, aende na kichwa kama fagio?

Wakachomeka, wakawasha, wakaweka kile kijiti cha kupakia programu. Skrini ikauliza swali. Rokim anakijua Kiingereza cha kwenye maboksi ya feni, akasoma polepole.

"Inasema diski hii haina kitu. Inauliza iiandae?" Akageuka. "Cak, haina kitu vipi?"

Cak Pangat akacheka kile kicheko chake cha sasa, mabega yanatikisika na kitambaa cha shingo kinapepea. Akampungia mkono Rokim, maana yake, hujui kitu wewe, zote husema hivyo. Akaivuta kibodi. Akabonyeza ndiyo mwenyewe, kwa kidole kile kile cha miaka yote, hata macho hakuangalia, alikuwa ananitazama mimi.

Ukatokea mstari wa buluu, ukaanza kujaa. Nilisimama na upawa mkononi nikiushangilia. "Haya, jaa basi! Jaa, mvivu wewe!" Tukala. Ulipofika nusu, Rokim akapiga makofi. Ulipokaribia mwisho, nikaacha kutafuna ili nisipitwe na kitu. Sijawahi kuusubiri mstari wowote kwa furaha namna ile.

Kompyuta ikawaka safi. Rokim akafungua programu ya kuigiza, akaanza kutafuta gemu. Akatafuta hapa, akatafuta pale. Kipanya kikawa kinakwenda haraka, kisha polepole, kisha kikasimama.

"Vipi?" nikauliza.

Akabonyeza tena, akabonyeza tena.

"We Rokim, nakusemesha!"

"Dada." Akaachia kipanya. "Mashine ya gemu inaandika kwenye diski kwa namna yake. Kompyuta haiwezi kuyasoma maandishi yale. Ikaona kama hakuna kitu. Ndiyo maana iliuliza."

"Sasa gemu ziko wapi?"

"Ule mstari uliokuwa unajaa… ndio uliokuwa unazifuta."

Upawa ulimkuta begani, na matusi niliyomtukana siwezi kuyarudia mbele ya watu, mama yetu mmoja mwenyewe nilimtukana humo. "Ungejua kusoma ungesoma vizuri! Fundi gani wewe? Fundi wa feni! Umemuua! Umemuua mume wangu ndani ya nyumba yangu na rawon yangu umekula!" Rokim alikaa tu, mchuzi unamtiririka, hakuinua hata mkono.

Nikageuka nimwambie Cak Pangat amfukuze. Alikuwa amesimama, mikono imeshika kichwa, mdomo umefunguka wote, meno yote yanaonekana, mishipa ya shingo imevimba. Kitambaa kilikuwa kinaruka mbele na kurudi. Alikuwa anapiga ukelele, na chumba kilikuwa kimya, nasikia feni ya Rokim tu ikizunguka ndani ya kompyuta. Ya Allah, sijui nilimfikiaje. Nilimkumbatia akaendelea vilevile, naisikia pumzi ya moto shavuni mwangu, pumzi tupu.

Tulihangaika, msidhani tulikaa. Diski tuliipeleka kwa fundi mkubwa wa mjini mwenye kiyoyozi na miwani. Aliichomeka, akaangalia, akatutolea maneno ya pole kabla hata hajatupa majibu. Kitu kikishaandikiwa kingine juu yake hakifukuliki, alisema, na pale mahali penyewe pameandikwa juu yake. Hendrik tulimtafuta mpaka tukampata, yuko Balikpapan, ana watoto watatu. Alipopokea nikamsikia anafurahi, ananiita mama kama zamani, "Bu Kasiati! Cak mzima?" Nilipomweleza akasema, "Bu, kompyuta yangu ile ilikufa kabla sijahitimu. Sikuweka nakala. Nilijua mnayo ninyi." Nikamwambia si kosa lako mwanangu. Nilikata simu ndipo nikalia.

Rokim akawa hali chakula vizuri, mkewe ananipigia simu ananilaumu. Siku moja akaja na kijiti, hakuingia, alisimama kizingitini kama mdai. Alikuwa ametafuta gemu ileile, akaipata, ya asili.

"Nimeona angalau acheze, dada. Asikae hivi."

Akaiweka. Na nisiwe mwongo, ile kompyuta ya mitumba ilifanya kazi kuliko mashine yoyote tuliyowahi kuwa nayo. Nyasi unaziona moja moja. Wachezaji wana nyuso. Haikukwama hata mara moja. Halafu yule Mzungu akaanza kuongea, yuleyule, hajazeeka, hajaugua, ana koo lake zima.

Cak Pangat alinyoosha mkono akaizima sauti. Akachukua pedi ya gemu, akacheza kimya kimya. Rokim aliondoka bila kuaga, na mimi nikabaki nyuma ya kiti, mahali alipokuwa akisimama yeye.

Mshambuliaji wake akapaisha mpira juu ya goli tupu. Nikaona mabega yake yamekaza na midomo inachezacheza. Nilijua anasema nini. Maneno yote ninayo, nimeyasikia kutoka jikoni mara elfu. Nikasema badala yake, kwa nguvu, "Uuwii! Goli pana kama uwanja wa mfalme na bado unatuma mpira kwa malaika! Nenda kauze supu ya bakso, mpira umekushinda!"

Akageuka, macho yameng'aa, akanipungia mkono niendelee. Nikaendelea. Nilimtukana kipa, nikamtukana refa, nikamwambia beki aolewe akae nyumbani. Sikukosea neno, hata pale alipokuwa anavuta pumzi nilivuta. Mume wangu alikuwa anatikisika kwa kicheko, machozi yanamtoka, na mimi nikafumba macho nikijaribu kwa nguvu zangu zote kumsikia yeye chini ya maneno yake.

Nilijisikia mimi. Kila neno lake, moja baada ya jingine, sasa lilikuwa na sauti yangu. Nilitaka kunyamaza angalau libaki moja lenye sauti yake, lakini yeye alikuwa ananivuta gauni, anataka zaidi.