Mkono wa Shangazi

"Wewe unashika kidole cha mteja kama umekiiba," mwenye saluni alimwambia binti mmoja bila kupepesa macho. Na kweli, binti huyo aliyeanza kazi ya kupaka rangi kucha juzijuzi alivigusa vidole vya watu kwa woga, rangi ikavuka hadi kwenye ngozi, mteja akatoka amenuna.

Hakulia. Alitia chupa za rangi kwenye mfuko, akaenda moja kwa moja kwa shangazi yake, mwanamke asiyeweza kuongea bila kurusha mikono. Akianza habari za jirani, watu huondoa vikombe mezani.

"Nikimweza huyu," binti alijisemea, "nimewaweza wote."

Jioni ya kwanza alipaka kila mahali isipokuwa kucha. Shangazi alicheka mpaka machozi yakamtoka. Binti alirudi kesho yake, na keshokutwa, akapaka, akafuta, akapaka tena.

Hatimaye jioni moja, habari zikiwa zimefika patamu, mkono ukaanza kupaa. Binti akaudaka hewani, akaulaza juu ya taulo, akakibana kidole sawasawa.

"Shangazi, mkono huu ni wangu mpaka rangi ikauke. Simulia na huo mwingine."

Katika ukoo mzima hakuna aliyewahi kumkatiza shangazi, hata mumewe. Shangazi akaitazama kucha: rangi imetulia, ngozi safi. Kisha taratibu akauleta mezani na ule mkono wa pili, usubiri zamu yake, akamalizia habari za jirani kwa mdomo peke yake.