Njia ya Kwa Bi Mwanarusi

Kanze alikuwa akijifunza kulaza watu. Kazi ya ajabu hiyo, nikwambie: unamtia mtu usingizi ili apasuliwe bila kuhisi, kisha unakaa kichwani pake kumlinda mpaka azinduke. Na wanaojifunza kazi hiyo ndio wasiolala katika mji mzima. Asubuhi hiyo Kanze alikuwa kazini kwa saa thelathini na moja, maana mwenziwe Lamis aliugua na hapakuwa na wa kumshikia zamu.

Daftari lake la mafunzo lilibakiwa na mstari mmoja mtupu. Amlaze mgonjwa mmoja wa rovu, mwalimu wake Daktari Athmani atie sahihi, fomu ya mtihani ifike kabla ya saa kumi alasiri. Akiikosa saa hiyo, angengoja mwaka mwingine mzima.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa Bi Mwanarusi wa Mji wa Kale, rovu lake limemvimba shingoni kama danzi. Kanze akamwamkia subalkheri, akajibiwa kwa madaha yote ya Kimvita. Wenziwe huwahesabisha wagonjwa moja, mbili, tatu, mpaka usingizi uwachukue. Yeye huwaomba wamweleze njia ya kwao, kwa kuwa aliona hofu huwatoka wakiitaja.

"Ukiiacha Ngome, shika Ndia Kuu," akaanza bibi.

Sauti yake ilitembea taratibu. Kuna baraza la muuza kahawa, hapo uingie ndani. Kichochoro ni chembamba, kanga zimeanikwa juu, jua likipenya linaanguka chini likiwa jekundu na la manjano. Kanze akawa anakwenda. Alisikia harufu ya tangawizi, akapapasa kuta, zilikuwa baridi. Akafika penye mlango wa buluu, na hapo njia ikagawanyika mara mbili.

Mkono mkavu ukamshika kifundo cha mkono.

"Mwanangu," alisema Bi Mwanarusi, yu macho kabisa, "umelala wewe."

Sindano ilikuwa bado mkononi, dawa haijaingia hata tone. Muuguzi alikuwa amegeuka akipanga vifaa, na mpasuaji alikuwa ananawa. Hakuna aliyeona. Kanze angeweza kuomba radhi, akasukuma dawa, na saa kumi ingemkuta na sahihi yake. Alitamani sana, tusimfanye malaika. Ila akawaza: nikisinzia tena, bibi huyu akiwa hawezi hata kujivutia pumzi, nani atanishika mkono? Akaiweka sindano chini, akaenda kumwambia Daktari Athmani.

Athmani akakunja uso. Enzi zao walikesha siku mbili mfululizo, akasema, maneno ambayo mabingwa wote wanayajua kwa moyo, sijui hupewa pamoja na cheti. Kisha akamtazama vizuri yule binti, akamwambia akalale. Yeye mwenyewe alikuwa na mgonjwa chumba cha pili, na mwingine wa kumlaza bibi hakuwapo. Upasuaji ukasogezwa hadi kesho. Saa kumi ikapita Kanze akiwa amejitupa kitandani kwake mtaa wa Tudor, viatu miguuni. Alipozinduka aliulilia mwaka wake, kisha akalala tena.

Kesho yake Bi Mwanarusi, aliyeshinda na njaa bure kwa ajili yake, hakumlaumu. Alitaka kujua jambo moja tu.

"Jana ulinipotea wapi?"

"Penye mlango wa buluu, bibi."

"Basi leo tuanzie hapo." Dawa ikaanza kuingia. "Penye mlango wa buluu, ugeuke..."

Usingizi ukamchukua hapo hapo.

Kwa saa tatu Kanze alisimama kichwani pake, akiifuata kila pumzi, hajui ni kulia au kushoto. Aliogopa kuliko jana. Akawa tena katika kichochoro kile, mbele ya mlango, safari hii macho yakiwa wazi, akimngoja mwenyeji wake. Rovu likatoka. Daktari Athmani akatia sahihi kwenye mstari uliobaki, kwa tarehe iliyochelewa kwa siku moja. Dawa ikakatwa. Dakika zikapita, kisha kope za bibi zikacheza.

Kanze akamwinamia sikioni. "Bibi, nigeuke wapi?"

Sauti ilitoka mbali, imekwaruzika.

"Kushoto," alisema Bi Mwanarusi. "Usibishe hodi. Kitanda chako ni kile cha dirishani."