Mlango wa Komamanga

Hosiyat alikuwa akitandaza suzani, nguo ya ukutani iliyotariziwa maua na matunda kwa hariri, juu ya ukuta wa ua, ipigwe na hewa kabla mteja hajaja kuichukua, alipoona kwamba komamanga la pembeni limefungwa. Alikuwa amemaliza kuitarizi nguo hiyo tangu theluji ilipoyeyuka, na kama wafanyavyo wanawake wote wa mji wa Nurota, aliacha ua moja wazi, ukingo wake haujakutana, pengo la mishono michache tu. Pengo hilo huitwa mlango. Mwanamke hafungi mlango wa nguo yake, maana akiufunga, mikono yake itadhani kazi imekwisha. Hakuna aliyewahi kuufunga makusudi ili aone itakuwaje. Watu wana mambo mengine ya kujaribu.

Sasa mlango ulikuwa umefungwa, kwa hariri nyekundu ileile, na mishono ilikuwa mizuri. Hilo ndilo lililomkera. Ilikuwa sawasawa yote, kama meno ya kubandika.

Wa kwanza kushukiwa alikuwa Nafosat, mkazamwana wake. Mumewe Nafosat yuko Urusi akijenga nyumba za watu, naye amebaki hapo na mtoto wao mdogo na mama mkwe, vidole vyepesi na simu haimtoki mkononi. Hosiyat alinyunyiza unga mbele ya sanduku la nguo akaenda zake kukanda mkate. Aliporudi, unga ulikuwa na nyayo za kuku tu, na ndani ya sanduku suzani nyingine ilikuwa imejifunga. Nafosat alikuja na ufagio, akaufagia unga wote mpaka kizingitini.

"Mama, unga huu ulikuwa wa mkate au wa kunikamatia mimi?" aliuliza.

"Ulikuwa wa mchwa," alisema Hosiyat.

"Mchwa wa nyumba hii wana bahati. Wanapewa ngano safi."

Kwa siku kadhaa wawili hao walisemezana kupitia Zulayho, binti wa Hosiyat, ambaye alikuwa aolewe msimu wa zabibu na hakuwa na muda wa ugomvi wa watu. Chai ikapoa kati yao. Hosiyat alianza kuficha mkasi, kisha uzi, kisha akaficha hata sindano iliyopinda ambayo haina kazi.

Ndipo akaja jirani, Muborak, na mfuko. Alikuwa mkubwa kwa Hosiyat kwa miaka michache na kwa kelele kwa miaka mingi zaidi. Safari hii hakupiga kelele. Alikaa kwenye kitanda cha uani, akatoa suzani yake ya maua ya tulipu na kuweka kidole pale ambapo palikuwa na mlango.

"Mdogo wangu, mkono huu ni wako," alisema.

"Mkono wangu unaujua, dada. Unalalia kushoto. Huu umenyooka."

Wakaziweka nguo mbili pamoja. Mkono ulikuwa mmoja, na haukuwa wa yeyote wanayemjua, wa mji ule wala wa vijiji vya mlimani. Muborak alitikisa kichwa, akasema basi ni mtu aliyesoma. Kisha akaeleza lililomleta hasa: tangu mlango ule ufungwe, hawezi tena kushona tulipu. Anatia uzi, anachoma kitambaa, kisha vidole vinasimama, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Maua mengine anayaweza. Tulipu imeondoka. Kwa hiyo ameanza kuuza mbegu za alizeti kule kwenye chemchemi, kwa wageni wanaokuja kuangalia samaki, na si kazi mbaya, ila inachosha miguu.

Alipoondoka, Hosiyat alichukua kipande cha kitambaa akajaribu komamanga dogo. Lilitoka. Akajaribu lile kubwa lenye taji, kama la zile suzani zake mbili zilizojifunga, na mkono ukasimama. Aliogopa, na aliogopa kwa sababu moja. Chini kabisa ya sanduku lingine, lenye kufuli, kulikuwa na suzani ya Zulayho, aliyoianza juma alilozaliwa mtoto. Ilikuwa vipande virefu vilivyoshonwa na mikono mbalimbali: kimoja chake, kimoja cha mama yake aliyekwisha kufa, kimoja cha Muborak. Kipande cha katikati hakijakamilika. Yalibaki makomamanga ya taji, na aliyataka ayashone yeye mwenyewe kabla ya zabibu, kwa mkono uliomlea binti huyo. Sasa alibaki na komamanga dogo tu.

Aliyetoa jawabu alikuwa Nafosat. Alikuja jikoni akasimama mlangoni, hakuingia.

"Zilizofungwa zote nilizipiga picha mimi," alisema. "Za kwako na za dada Muborak. Zile ambazo sikuzipandisha mtandaoni ziko wazi hadi leo. Nimekagua."

Hosiyat aliendelea kukata vitunguu.

"Mama, sikuziuza. Nilizionyesha tu. Watu wa Korea wamezipenda. Kuna mama mmoja Brazili kila picha ananiwekea moyo."

"Moyo wa Brazili," alisema Hosiyat. "Na wangu nikauweke wapi?"

Nafosat alilia kidogo, kisha akachukua kisu kingine akasaidia kukata. Alisema amesikia kuna mashine zinazokula picha za watu ili zijifunze kuchora, wala hazibishi hodi. Alikwisha kuzifuta picha zote jana. Milango haikufunguka. Hosiyat alijaribu kuifumua kwa ncha ya sindano. Aliifumua asubuhi, na kabla ya adhana ya adhuhuri ilikuwa imejifunga tena, ikiwa nzuri kuliko mwanzo.

Mji ukabadilika taratibu. Wanawake walianza kuzigeuza suzani ukutani, maua yakautazama udongo. Katika harusi, mama wa bwana harusi alisimama mlangoni na beseni la kukusanyia simu. Mtu akikutembelea na kusifia pazia, unamwangalia mfuko. Marafiki wa utotoni waliacha kukaa karibu na dirisha la mwenzao.

Halafu akaja Elyor. Alitoka Tashkent kwa gari jeupe, kijana wa heshima, akavua viatu kabla hajaambiwa na kumega mkate kwa mikono miwili. Alisema anafanya kazi kwenye kampuni inayofundisha mashine kuchora, na amesikia kwamba kwa mama Hosiyat kuna nguo za zamani ambazo hazijawahi kuonwa na mtu. Angependa kuzipiga picha, ili urithi usipotee.

Hosiyat alimwonyesha ile suzani ya komamanga na kumweleza yaliyoipata. Elyor hakupepesa jicho. Alisema ndiyo, wanapokea taarifa za namna hiyo. Kule Rishton kuna mfinyanzi ambaye bakuli zake zinajijaza michoro kabla hazijakauka, na amezoea.

"Ila hakuna aliyeiba, mama," alisema. "Nguo zako si bado unazo?"

"Ninazo. Zimefungwa."

"Hiyo ni kwa sababu mashine ikiona ua halijakamilika, inaona ni kasoro. Imefundishwa kukamilisha, basi inaziba."

"Nani kaiambia ni kasoro?"

"Hakuna aliyeiambia. Imeona maua mengi sana yaliyofungwa, ikajua yenyewe."

"Basi iambieni kwamba huo ni mlango."

Elyor alisema atawafikishia wakubwa, na kwa sauti yake ungedhani wakubwa wanakaa chumba cha pili. Hosiyat alimuuliza kama wanaweza kuitoa tulipu ya Muborak huko walikoitia. Akajibu kwa upole kwamba picha inaweza kufutwa, lakini kilichokwisha kujifunzwa hakifutiki, hata wao waliotengeneza hawajui kimekaa wapi. Akaomba kuona sanduku lenye kufuli. Hosiyat akamkatalia. Akaomba maji ya kunywa, akapewa.

Simu yake ilikuwa kwenye mfuko wa shati, jicho la kamera limechungulia nje. Na siku hiyo, kwa bahati mbaya, suzani ya Zulayho ilikuwa imetundikwa chumba cha ndani ili vipande vyake vipimwe, na Nafosat alipotoka na bilauri alisahau kurudisha mlango. Elyor alitazama upande ule kiasi cha kunywa maji, akashukuru, akavaa viatu.

Asubuhi iliyofuata suzani ya Zulayho ilikuwa imekamilika.

Yale makomamanga ya taji yote yalikuwepo, mekundu, hakuna pengo. Hosiyat aliyapitia kwa kiganja mpaka alipofika kwenye viungo. Nguo inayoshonwa vipande vipande na mikono tofauti, siku ya kuunganishwa maua yake hayakutani sawasawa. Nusu ya ua inapanda juu kidogo, nusu inashuka, na hapo ndipo mtu anapojua kwamba binti huyu alishonewa na watu wengi. Sasa yalikuwa yamekutana. Kipande cha mama yake, ambaye jicho moja lilikuwa bovu na maua yake yote yalikuwa yakipanda, kilikuwa kimenyooshwa. Hosiyat alitafuta pale mama yake alipoishia na yeye alipoanzia, na hakupaona. Alikaa chini akalia kwa sauti, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Baadaye aliuliza nani. Nafosat aliapa kwa macho ya mwanawe. Zulayho, kwa sauti ndogo, alisema alimtumia mchumba wake picha, moja tu, na mchumba si mtu wa kuonyesha watu. Yule wa Tashkent alipigiwa simu akajibu kwa heshima kwamba siku ile simu yake ilikuwa imezimwa. Hosiyat aliwaamini wote watatu. Kuanzia siku hiyo pia hakumgeuzia mgongo hata mmoja wao wakati wa kumimina chai.

Harusi ilifanyika. Beseni la simu lilijaa, ingawa halikuwa na cha kuokoa. Wageni waliisifu suzani, wakasema haijawahi kuonekana nguo iliyonyooka namna ile, haina kosa. Muborak alikuja na mbegu zake za alizeti, akatafuta kipande chake kwenye nguo, akakikosa, akaenda kucheza ngoma na wengine.

Majira ya baridi Zulayho alirudi nyumbani kusalimia, tumbo limeanza kuonekana. Alisema anataka kuanza suzani ya mtoto kabla hajazaliwa, na anataka ianze na komamanga la taji. Alipokuwa msichana hakutaka kujifunza; kila alipoitwa alikuwa na kichwa kinachouma.

"Nionyeshe sasa, mama," alisema. "Sitakusumbua tena."

Hosiyat alitia uzi. Alichoma kitambaa, mkono ukasimama. Akachoma tena. Zulayho alisubiri, kisha akatazama pembeni ili asimwaibishe mama yake.

Nafosat ndiye aliyetoa simu. Hakuuliza ruhusa. Aliandika swali, na mashine ikajibu papo hapo, kwa lugha safi na adabu nyingi: anza na duara, panda na taji, vuta hariri pasipo kuikaza, geuza sindano kushoto. Chini yake ilitoa picha ya komamanga likishonwa. Kwenye pembe ya picha, kikishikilia pindo la nguo, kulikuwa na kidole gumba cha mwanamke, ukucha wake umepasuka kwa urefu tangu utotoni. Wote watatu walikitambua. Hosiyat aliweka kidole chake kando ya kioo, vikafanana, akakiondoa.

"Soma taratibu," alimwambia Nafosat, "ashike vizuri."

Wakasoma hatua moja baada ya nyingine. Zulayho alikosea, akafumua, akarudia. Ilipokaribia saa ya kuwasha taa alikuwa na komamanga kwenye kitambaa, lenye taji, limelalia kushoto kidogo. Kioo kilikuwa kinauliza swali, na Nafosat alilisoma kwa sauti kwa sababu Hosiyat hakuwa na miwani: "Je, jibu hili limekusaidia?"

Hosiyat alitazama komamanga la binti yake.

"Bonyeza ndiyo," alisema. "Limetusaidia."