Maji ya Wajomba

Wajomba wa Ritah kutoka Abuku, upande wa Koboko, walifika Onduparaka, kando ya mji wa Arua, saa nne za asubuhi, lakini hawakuingia uani. Waliteremka kwenye lori, wanaume saba na wake zao, wakaketi chini nje ya ua, kama watu wanaongoja shauri lao lisikilizwe. Prossy, jirani, aliwapelekea mtungi wa maji na kikombe. Hakuna aliyenyoosha mkono.

Ritah aliwaona kutoka mlangoni, akajua wanachongoja. Mwanamke akifia kwa mumewe, ndugu zake wa kuzaliwa hawanywi hata tone la maji ya nyumba ile mpaka waelezwe dada yao aliishije, aliuguaje, na nani alimwuguza. Wakiridhika, huingia kulia pamoja na wafiwa. Wasiporidhika, kaburi hubaki wazi. Na ndani, katika jeneza la mbao za mvule, alilala mama yake: Mwalimu Viktoria, binti wa Koboko, aliyeshika chaki miaka thelathini na minne katika shule za Arua, na siku ya pili baada ya kustaafu akajinunulia pikipiki.

"Usiogope," alisema Ondoga, baba yake mdogo, akimkabidhi karatasi iliyopigwa chapa. "Wewe ndiye msomi wetu. Kazi yako ni kusoma tu."

Ritah akapitisha macho. *Baada ya kustaafu, marehemu alipumzika nyumbani akilea familia yake. Wiki iliyopita aliugua ghafla, na Jumamosi akafariki.*

"Baba mdogo, hii si kweli."

"Kweli ipi? Tuwaambie aliugua miezi minane na hatukuwapelekea habari? Watamchukua dada yao waondoke naye! Na ile pikipiki, mjane wa miaka sitini na sita anazurura kama bodaboda! Watasema tulimtupa." Sauti ikamlegea. "Mwanangu, nataka kumzika shemeji yangu leo. Leo, si wiki ijayo."

Siri ile ilikuwa ya Ritah. Ondoga mwenyewe alikuja kuijua katika siku tano za mwisho, hospitalini. Ritah ndiye aliyeketi na mama siku daktari alipotaja uvimbe. Kabla hata hawajafika kwenye geti, mama alimkamata mkono. "Uniapie hutamwambia mtu. Ondoga akijua, atanificha ufunguo wa pikipiki. Ndugu zangu wakijua, watakuja kunilinda kama yai. Na mimi nina kina mama kumi na tisa kule Omugo, hawajafika herufi ya mwisho." Ritah akaapa. Alikuwa mtu wa kupenda kila mmoja aridhike. Kumkatalia mama kulimshinda, na tangu siku ile kila salamu kutoka Abuku ilimchoma.

Kila Alhamisi mama alifunga ubao mdogo nyuma ya pikipiki, akatia chaki katika mfuko wa koti la mvua, akavaa kofia yake ngumu, akaenda Omugo kuwafundisha kina mama wakimbizi kuandika majina yao. Alirudi na matope hadi magotini, akicheka. Safari moja mnyororo ulikatika njiani, akalala kwa watu asiowajua, asubuhi akarudi na kuku wa zawadi na marafiki wawili. Alipokuwa na miaka sitini na miwili alipanda mlima Wati, akawaacha vijana wa kwaya wakihema nyuma. Mama ndiye aliyemfundisha Ritah kuendesha pikipiki kwenye uwanja wa mpira, jioni, mashabiki wakishangilia kila Ritah anapoanguka.

Ritah akatoka na karatasi yake.

Mbele kabisa aliketi Yugu, mjomba mkubwa, askari wa zamani, fimbo imelala juu ya mapaja. Ritah alisoma kwa Kiswahili, lugha inayowakutanisha Walugbara wa baba yake na Wakakwa wa mama yake. Alisoma kuzaliwa, ndoa, shule. Alipofika "alipumzika nyumbani", mke wa Yugu, Zulaika, akaangua kicheko.

"Viktoria? Napumzika? Nyumba gani?"

Yugu akainua fimbo. "Simama hapo. Sisi nakuja kuzika Viktoria. Huyu mutu ya karatasi, sisi hapana jua yeye. Labda iko msiba ingine huko mbele, dereva napoteza sisi njia."

Mtu akakohoa kuficha kicheko. Ondoga alijifuta jasho. "Endelea, endelea," alinong'ona.

Ritah akaitazama sentensi iliyofuata, yenye neno "ghafla". Akayatazama yale maji, vumbi la barabara limekwisha kuyatandazia utando. Akaikunja karatasi.

Akaeleza yote. Omugo na wale kina mama, ubao na mnyororo, uvimbe, miezi minane, dawa zilizofichwa ndani ya kopo la majani ya chai. Sauti ilimkatika mara mbili, na mara zote mbili aliendelea.

"Nani naficha sisi?" Yugu akauliza.

"Mimi, mjomba. Mama aliniapisha, lakini mdomo ulikuwa wangu. Baba mdogo hana kosa."

"Na safari yake ya mwisho?"

"Mwezi wa tatu. Aliaga anakwenda Omugo, akakaa siku tatu. Mpaka leo sijui alilala wapi."

"Mimi najua," Yugu akasema. "Yeye iko kwangu Abuku. Nakuja na pikipiki, iko nyembamba kama mti ya muhogo. Naambia sisi ugonjwa yote na mdomo yake. Napita kila nyumba ya ndugu, naaga."

Ondoga aliruka. "Kumbe mlijua! Sasa mbona mnatuchoma na jua lote hili?"

"Shemeji, desturi hapana uliza kama sisi najua. Nauliza kama nyumba yako nasema kweli." Yugu akamgeukia Ritah, na uso wake ukalainika. "Yeye nasema: msichana yangu iko na roho laini, naogopa kukosana na watu. Musikunywe maji mpaka yeye nasema mwenyewe."

Ritah alijikuta anacheka na kulia kwa pamoja. "Mama! Hata leo ananipa mtihani?"

"Na wewe nachelewa kujibu, binti!" Zulaika akasema, akisimama kumkumbatia.

Yugu akachota maji, akapuliza utando wa vumbi, akanywa kikombe kizima. Nyuma yake wanawake wa Abuku wakainuka, na kilio walichokuwa wamekizuia tangu Koboko kikaingia uani kabla yao.

"Hao mama ya Omugo," Yugu akauliza, akimpa Ondoga kikombe, "nafika herufi ya mwisho?"

"Bado, mjomba. Zimebaki nne."

"Keshokutwa iko Alhamisi."

Ondoga alikunywa taratibu. Kisha akapapasa mfuko wa suruali, akatoa ufunguo wa pikipiki aliouficha humo tangu Jumamosi, akauweka katika kiganja cha Ritah bila kumtazama usoni.

"Uvae kofia yake," alisema.