Picha ya Upande wa Ndani

Nusura Fundi ameze pini alizokuwa ameziuma. Mteja aliyefuata gauni lake alikuwa amemgeuzia simu huku akicheka.

"Hebu ona, dada, mtu ana akili! Mji mzima kautengeneza kwa vikorokoro vya kushonea!"

Mji ule Fundi aliujua nyumba kwa nyumba. Zipu ndiyo reli, kifungo cheupe ndicho mwezi, pini zenye vichwa vya rangi ndio abiria wanaosubiri treni. Aliupanga mwenyewe juu ya meza ya kukatia, akaupiga picha kwa simu yake ya kioo kilichopasuka, akautuma kwenye kundi la familia, basi, ndugu wafurahi. Sasa chini yake palikuwa na saini ya Jicho Kali. Na Jicho Kali, kwa taarifa yako, ni mume wa mdogo wake Fundi.

Alikuwa amezoa picha zote alizotuma Fundi. Bahari ya hariri ya bluu, msitu wa sindano, ngazi ya futikamba, kila kitu kimesambaa mtandaoni na watu maelfu wanamsifia. Fundi angeweza kulimeza hilo, kwa shida. Kilichomkaa kooni ni video ya mahojiano. Shemeji ameketi kwenye kochi, mkewe ubavuni, anaulizwa kuhusu ile kastabini inayoonekana karibu katika kila picha, kile kikofia cha chuma ambacho fundi huvaa kidoleni asichomwe na sindano.

"Hiyo niliiokota jalalani," akajibu bila haya. "Sisi wasanii hatudharau takataka."

Mkewe akatabasamu na kutikisa kichwa kukubali. Mdogo mtu yule yule, aliyelishwa na kusomeshwa kwa kastabini hiyo! Mama yao aliivaa mpaka ikabonyea upande mmoja, na alipokaribia kufa aliivua mwenyewe akamvisha Fundi. Damu ilimchemka Fundi.

Jioni akawaendea kwao. Jicho Kali alimpokea meno nje.

"Shemeji! Karibu, mbona umenuna hivyo?"

"Futa picha zangu. Na useme kastabini ni ya nani."

"Ah, shemeji nawe! Kitu kikishaingia kwenye simu ni cha wote."

"Nilituma kwa familia."

"Kwani mimi si familia?" Akacheka peke yake. "Halafu utathibitisha vipi? Zote huwa nazigeuza, kushoto inakuwa kulia. Ukitafuta mtandaoni hazifanani na zako. Nani atamwamini fundi cherehani?"

Mdogo wake alikuwa anaosha kikombe ambacho tayari kilikuwa safi. "Dada, yaache tu. Kuna kampuni inataka picha yake kwa maonyesho makubwa. Usituharibie."

Fundi aliondoka bila kuaga. Hakutaka tena kuombwa radhi, tusidanganyane. Alitaka kumwona yule bwana ameanguka chini mbele ya watu, na awe amejisukuma mwenyewe. Na njiani, kwa hasira zile zile, neno moja likawa linamrudia: huwa nazigeuza.

Aliyewahi kudarizi anajua kwamba kitambaa kina pande mbili. Upande wa nje maneno yanasomeka. Upande wa ndani yameangalia nyuma, yamejaa mafundo na nyuzi zinazoning'inia. Fundi akachukua kitambaa cha kahawia na uzi wa kijani, akadarizi maneno manne kwa herufi ndefu nyembamba, taratibu, kama anayeshona sanda ya adui. Alipomaliza akakigeuza. Upande wa ndani ukawa shamba la majani marefu. Akayachambua mafundo yakawa magugu, katikati akasimamisha kastabini ikawa nyumba, mlangoni akachomeka pini moja yenye kichwa chekundu.

Akapiga picha. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote alizowahi kupiga, na hilo lilimuuma kidogo. Akaituma kwenye kundi la familia kwa ukubwa wake kamili, akaandika: "Shamba la Mama. Nimestaafu, sipigi tena."

Chambo kilimezwa mzima mzima. Jicho Kali aliigeuza kama kawaida yake, akaitia saini, akaipeleka kwa kampuni. Kwenye simu, kwa udogo wake, lilikuwa shamba tu. Kwa waliochapa bango, wakiwa wameliinamia kwa karibu, zilikuwa nyuzi tu.

Siku ya maonyesho ukumbi ulijaa. Jicho Kali alivaa suti mpya, akazungumza kwa kirefu kuhusu kipaji chake, kisha mkewe akavuta pazia. Picha ilijaza ukuta mzima. Watu wakapiga makofi, makofi yakapungua, yakakatika. Mama mmoja wa mstari wa nyuma akasoma kwa sauti, neno kwa neno:

"Picha hii nimemwibia shemeji."

Na chini yake, saini: Jicho Kali.

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko, simu zikainuliwa kila upande. Jicho Kali akageuka, akasoma. Fundi akanyanyuka, akapita katikati ya viti, akafunua kile kitambaa upande wa nje ili kila mtu asome. Kastabini ilikuwa kidoleni mwake.

"Mimi ndiye shemeji," akasema. "Hii ya mama yangu, bwana, uliiokota jalala gani?"

Akamtazama mpaka Jicho Kali akarudi nyuma na kujikwaa kwenye pazia. Fundi alifurahi. Alifurahi sana, wala hakuona sababu ya kuificha furaha yake.

Mdogo wake alimkimbilia hadi mlangoni, machozi yamemharibia wanja. Hakuzungumzia picha, wala mumewe. Alikuwa anaitazama kastabini tu.

"Dada, nipe niishike kidogo. Ni ya mama yangu pia."

Fundi akaivua, akaitia mfukoni, akafunga zipu.

"Kaokote jalalani," akasema, akatoka.