Badri Anacheza

Siku ya saba ya Badri, bibi yake mzaa baba, Hajja Zannuba, alimlaza kwenye ungo, akachukua kinu cha shaba na mchi wake, akagonga karibu na sikio lake kama anavyogongewa kila mtoto wa kijiji cha Nag Sawaqi. Msikilize mama yako, aliimba, usimsikilize baba yako. Watoto wengine hapo hushtuka wakaangua kilio. Badri alipiga miayo. Basi Hajja Zannuba akapiga kigelegele mpaka sauti ikamkauka, akawaambia wanawake waliojaa chumbani kwamba hili ni dume, halitishwi na kitu. Wote wakatafuna karanga na peremende wakisema mashaallah. Watu wazima na akili zao, hakuna hata mmoja aliyejiuliza! Hata Inshirah, mama mtu, siku ile alifurahi, na kwa furaha hiyo hakuja kujisamehe.

Mumewe, Abderadi, alikuwa mpiga ngoma wa harusi. Ngoma yenyewe ni ile kubwa ya kuning'iniza shingoni, rungu mkono wa kulia, kifimbo mkono wa kushoto. Alipofanya mazoezi nyumbani aliiweka chini kwenye chumba cha juu, ambako sakafu ni mbao zilizotandazwa juu ya magogo ya mtende. Badri alikuwa na miezi minane, ndiyo kwanza ameanza kukaa, ngoma ilipomnyanyua mabega. Alipotimiza mwaka alikuwa akishika ukingo wa kitanda, magoti yanakunjika na kukunjuka, makalio yanakwenda kushoto na kulia, wala hakosei pigo. Jamaa walipanda ngazi kuja kumtazama. Abderadi alitembea kifua mbele kijiji kizima akisema damu haidanganyi.

Inshirah ndiye aliyeanza kuingiwa na wasiwasi. Alimwita mtoto kutoka nyuma, hakugeuka. Mfuniko wa sufuria ulianguka jikoni, paka akaruka, Badri akaendelea kulala. Akafika miaka miwili hajasema hata "mama". Alipomweleza mumewe, Abderadi alicheka.

"Kiziwi anacheza ngoma? Umeona wapi mambo hayo, binti ami?"

Hajja Zannuba hakucheka. Alimkalisha mkwewe chini akampa vidonge vyake: binti yake mdogo anatazamiwa posa, na nani atakuja kuoa kwenye nyumba inayozaa viziwi? Inshirah na Abderadi ni watoto wa ndugu wawili, kwa hiyo maneno yale yalimgusa hata yeye mwenyewe na dada zake. Akanyamaza. Na tuseme kweli, si woga peke yake uliomnyamazisha. Kila alipojipa moyo kwamba kesho atambeba mtoto ampeleke mjini, ngoma ililia juu, naye akapanda na kumkuta Badri anacheza, anacheka, jasho linamtoka. Alitazama magoti yale akaomba awe yeye ndiye aliyekosea. Kwa namna hiyo ikapita miaka miwili mingine.

Badri alipotimiza minne, Inshirah aliona liwalo na liwe. Mchana mmoja alimwita Qinawi, mpiga zumari wa kundi la mumewe, kwenye chumba cha juu, akamketisha mtoto juu ya magodoro matatu ya pamba, mgongo kwa mlango, akampa kitambaa cha kuchezea.

"Leo hakuna ngoma," alimwambia mumewe. "Qinawi apulize wimbo uleule anaouchezea. Mtoto akigeuka tu, sitalitaja tena jambo hili mpaka naingia kaburini."

Abderadi alikubali ili yaishe. Qinawi akajaza mashavu akapuliza. Zumari ile ndani ya chumba ilitaka kupasua kichwa, njiwa wote wakaruka kutoka darini. Badri alivuta uzi wa kitambaa, akautazama, akavuta mwingine. Qinawi akasogea mpaka karibu na kisogo chake, akapuliza tena, kisha akaishusha zumari, hakutaka kumtazama mtu yeyote usoni. Abderadi alimshusha mtoto akamkalisha sakafuni. Akachukua rungu, akapiga ngoma mara moja. Mabega ya Badri yakapanda. Hapo mwanamume yule akalilaza rungu chini.

Kesho yake walikuwa hospitalini mjini. Daktari, dada mwenye sauti ya upole, alimpima Badri kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa nini wamechelewa hivyo.

"Alikuwa anacheza, daktari," alisema Abderadi.

Daktari hakumkemea. Alieleza kwamba watoto wadogo ndivyo walivyo: pigo huukamata mwili kabla ya akili, na goti hungojea pigo linalofuata hata kabla mtoto hajajua neno moja. Ngoma kubwa kama ile haihitaji sikio. Mtetemo wake hupanda kwa nyayo na makalio, ukaingia mifupani.

"Ungekuwa mpiga zumari," alimwambia, "mngelijua akiwa mchanga, na mimi ningekuwa na mengi ya kuwaambia. Sasa ana miaka minne bila maneno. Tutajaribu, lakini siwaahidi. Jina lake analijua?"

Inshirah alimbana mtoto kifuani, roho inamuuma: yeye angepiga kelele mwaka ule alipoingiwa na wasiwasi, angelala chini akagaragara, angefanya chochote, lakini alinyamaza ili apendeze.

Walipofika nyumbani Hajja Zannuba alianza kusema kwamba ni mapenzi ya Mungu, Inshirah akampita bila salamu. Abderadi alimchukua mtoto akapanda naye juu. Baada ya muda ngoma ikaanza, mapigo mawili mawili, zito na jepesi, na kati yake sauti ya mwanamume inayopasuka kwa kilio. Inshirah akapanda. Mumewe alikuwa amepiga magoti akiita Bad-ri, Bad-ri, kila silabi na pigo lake, na mtoto amempa mgongo, uso ukutani, anacheza.

Inshirah akamnyang'anya rungu.

"Namwita," alisema Abderadi. "Ananijibu, huoni?"

"Anacheza tu, baba Badri. Hajui kama ana jina."

Ngoma ilikuwa imenyamaza. Badri alisimama, akapiga mbao kwa unyayo mara moja, mara ya pili, akangoja pigo.