Salamu kwa Rafiki wa Steringi

Jumapili baada ya chakula cha mchana usingizi wangu hauna adabu, hunikuta popote, na leo unanikuta kwenye kochi, miguu nimeipandisha juu ya mapaja ya mume wangu Hamduni, filamu ndiyo kwanza inaanza, na yeye ananiambia mama Ilham, ukilala leo sikusimulii, nami namjibu silali, napumzisha macho tu, kama ninavyomjibu kila Jumapili. Ni filamu ya kupigana na imetafsiriwa, yaani sauti za waigizaji wenyewe zimepunguzwa na juu yake anaongea mtafsiri wetu wa Kiswahili, mwanamume mmoja anayemsemea baba, mama, mtoto, polisi na mbwa kwa sauti ileile ya kukwaruza. Nampenda na ananiudhi. Najiambia nitafumba macho mpaka majina yamalize kupita, nafumba, na ninapofumbua nimesimama peku katikati ya barabara ya lami, sebule haipo, Hamduni hayupo, khanga niliyojifunga ipo.

Barabara ni nyeupe kwa jua na haina mwisho ninaouona, maduka yamepangana huku na huku, na kila duka lina kioo badala ya ukuta wa mbele, na kila kioo kinaonyesha barabara hiihii lakini si kama ilivyo sasa, kwenye kimoja inanyesha, kwenye kingine wanapita watu na jeneza, kwenye kingine napita mimi nikiwa mzee. Nageuka nirudi nilikotoka na bado nakwenda mbele. Nageuka tena, ni mbele tena. Kwenye njia panda amesimama mtu wa suti ya kijivu, mikono ameifunga nyuma, na pale penye uso hapana kitu, pameng'aa tu kama kioo cha runinga iliyozimwa, najiona mwenyewe humo nikiwa mdogo na mwenye hofu. Hajamaliza hata neno la kwanza nimeshaijua sauti. Ni Mtafsiri. Ananiuliza, ile filamu ya Ijumaa, ya Wakorea, yule binti anayemsubiri mchumba stesheni, uliionaje? Namwambia bwana, mimi natafuta njia ya nyumbani, na yeye anasema hapa njia hainunuliwi, unatoa maoni unapita. Sasa mimi kwa maoni sihitaji kubembelezwa. Namwambia ndefu mno, binti analia kituo kizima kinajaa maji, mchumba mwenyewe wala hana sura ya kuliliwa, wangekata nusu ingenoga. Anainamisha kile kisicho uso, ananipisha, na nyuma yangu nasikia kishindo, nageuka, nusu ya barabara imekatwa, lami imeishia hewani na chini yake hakuna kitu, si bonde, si maji, hakuna kitu.

Nauliza kwa nini, nasikia baridi kwenye jua lile, na Mtafsiri ananijibu kwa fumbo, kipo kitu kinatoka kwako kikiwa chepesi, kikitua ni nyumba ya mtu. Namwambia sema Kiswahili cha kueleweka. Ameshaondoka, au barabara imemwondoa. Natembea haraka na sasa vioo vinatembea haraka pia, na mbele kuna mama anachoma mihogo, moshi unapanda, namkimbilia kwa furaha, namwamkia, shikamoo mama, na yeye anainua kichwa, naye hana uso, na marahaba yake inatoka kwa sauti ileile ya kukwaruza. Keti, mwanangu, ule. Ile ya dereva wa lori aliyeibiwa mzigo, uliiona? Niliiona, nasema. Unaionaje? Ningenyamaza. Natamani sana ningenyamaza, lakini hakuna mtu aliyewahi kuniuliza filamu nikanyamaza, mdomo unatangulia, nasema ilianza vizuri ikaharibika, steringi mzima, shujaa wa filamu, kifua kile, unamletea maadui watatu? Watatu ni wa kupigana nao nani? Wangejaa barabara nzima ndiyo watu tungesisimka. Yule mama anageuza muhogo taratibu. Haya, anasema, na kutoka kwenye vioo vya kushoto wanaanza kutoka wanaume wenye makoti meusi, mmoja, wawili, halafu siwezi tena kusema wangapi, wanajaa barabara nzima, hawakimbii, wanatembea tu, na wote wameelekea upande wangu. Naondoka pale bila kuaga.

Nakwenda na mji unageuka ninavyokwenda, ghorofa zinakuwa vibanda, vibanda vinakuwa ukumbi, najikuta ndani ya kibanda cha video chenye mabenchi, watu wamebanana wanatazama mbele, hakuna hata mmoja mwenye uso, na Mtafsiri amekaa pembeni na kipaza sauti chake. Anafanya kazi, hanitazami. Mmoja wa watazamaji ananisogelea, ananinong'oneza kwa sauti ya Mtafsiri, dada, sisi hatujui filamu hii iishie vipi, wewe unazitazama sana, hebu tusaidie, rafiki wa steringi afe au asife? Nasema afe, jamani, hilo nalo la kuuliza? Rafiki asipokufa steringi atakasirikia nini? Filamu haiwezi kuanza kunoga mpaka yule mwenye utani, yule mwenye moyo mzuri, anayempa steringi gari lake na kumfichia siri, auawe. Na huuawa kijinga, amejificha vizuri kabisa chumbani, maadui wanamteka mkewe, wanamlazimisha aite, na fala anasikia sauti ya mke, anafungua mlango. Nalisema hilo kwa ladha, nimelisema mara nyingi nyumbani na Hamduni hucheka. Kibanda kizima kinaitikia, naam, afe. Ndipo natazama mbele kwenye skrini kumwona huyo rafiki. Amekaa kwenye kiti cha plastiki ndani ya chumba kidogo chenye mlango wa bluu, amevaa fulana ya mazoezi ya timu ya Coastal yenye shimo begani, ile ninayomwambia kila siku aifanye tambara. Ni Hamduni.

Sijui kama nimepiga kelele. Ninachojua ni kwamba nipo mbele ya skrini nimeishika kwa mikono yote miwili na ni kioo kigumu, naita baba Ilham, toka humo, wanakuja kukuua, na sauti yangu haifiki hata puani mwangu, inatoka kwenye spika za kibanda ikiwa imekwaruza, rafiki yangu, tulia hapohapo, nakuja. Hamduni anasikia, anatabasamu, anajiegemeza vizuri kwenye kiti. Naita tena, kimbia! Spika zinasema, pumzika. Namgeukia Mtafsiri kwa hasira, namwambia we bwana, huyo ni mume wangu, huyo si wa filamu, rudisha maneno yangu, nimeyafuta, asife, nasema asife. Anafunika kipaza sauti kwa kiganja. Maoni yakishaingia hayatoki, dada. Na kila linalosemwa humu lazima lipite kwangu, na likipita kwangu linakuwa langu. Kwani wewe ni nani? namuuliza. Anasema, mimi ndiye unayemsikia ukidhani unawasikia wao. Nataka kumpiga na sijui nimpige wapi, hana sura. Nje nasikia viatu vya wale wanaume, vingi, havina haraka. Kwenye skrini Hamduni anajikuna kidevu, na mapenzi yananijia ya ghafla hata yanauma, mwanamume yule ambaye kosa lake ni kukaa na mimi Jumapili.

Na katikati ya hayo Mtafsiri anaondoa kiganja, anakatisha hadithi yake kama wanavyokatisha siku zote, kabla tu ya patamu, na anaanza kutoa salamu. Salamu ziwafikie mafundi wote wa baiskeli wa Ngamiani. Salamu zimfikie bi Mwanamvua popote alipo, ujumbe wake anaambiwa nguo zimeshakauka, azianue. Neno kwa neno. Nasikiliza, na kitu kinanigonga kichwani, hakuna mtafsiri hata mmoja anayechezea salamu, maneno ya filamu atayapinda anavyotaka, mapenzi ataita vita na vita ataita harusi, lakini salamu ya mtu huisoma ilivyo, maana mwenyewe yupo anasikiliza. Naenda mbele yake, nampungia mkono kwa adabu, nasema kaka, nami naomba salamu. Anafurahi, naona mabega yake yanalegea. Moja tu, anasema, na ujumbe wake mmoja, filamu inaendelea. Sasa nafikiri, na viatu viko mlangoni. Nikimwambia toka, atatokea mlangoni, na mlangoni ndipo wanapowaulia. Nikimwambia njoo nyumbani, nyumbani ni wapi na barabara imekatwa? Filamu zote nilizoziona zinapita kichwani, na katika zote ni sauti ya mke. Nasema, salamu zimfikie mume wangu Hamduni, baba Ilham, wa Barabara ya Kumi na Tano, mimi ni mkewe Mwanahija, na ujumbe wangu ni huu, usiufungue mlango, mtu yeyote akiita usifungue, hata ukisikia sauti yangu usifungue. Mtafsiri anaisoma yote, haongezi, hapunguzi, hata Mwanahija analitamka vizuri. Kwenye skrini Hamduni anashtuka, anasimama, anasikiliza mpaka mwisho, halafu anakwenda kwenye ule mlango wa bluu na kutia komeo, juu na chini, anasukuma meza mpaka inagota. Machozi yananitoka kwa furaha. Amenisikia mimi, si mwingine.

Halafu watu wote wa kibanda wanageuza vichwa vyao visivyo na nyuso, wananitazama mimi. Mmoja anasema, sasa nani atakufa? Steringi bado hajakasirika. Turubai la kibanda linapasuka na wale wa makoti meusi wanaingia kwa kila upande, na Mtafsiri anaweka kipaza sauti chini na kujimiminia chai, kwa sababu ngumi zikianza huwa hatafsiri, nani atafsiri ngumi. Nakimbia. Nakimbia kwenye barabara ya lami, nayo imekatwa, nakwenda upande mwingine, nao umekatwa, kote nilikopita kumebaki hewa, na wao wamejaa kama nilivyowaagiza, na nyumba iliyobaki ni moja tu, ina mlango wa bluu. Nagonga kwa ngumi mbili. Hamduni! Fungua! Nasikia sauti yangu mwenyewe, safi, ya kwangu, imerudi. Nagonga tena. Halafu naye, kwa sauti yake ya kweli niliyoikosa tangu nifumbe macho, anauliza, nani? Ni mimi, Mwanahija. Anasema, mke wangu ameniambia nisifungue. Mke wako ndiye mimi! Amesema hata nikisikia sauti yake. Nasema Hamduni, nisikilize, niulize kitu, chochote, na yeye anasema haya, ile ya Ijumaa, uliionaje? Namwambia ndefu, ingekatwa nusu, mchumba hana sura ya kuliliwa. Nasikia paji la uso wake linagusa mbao upande wa pili. Ndivyo alivyosema, anasema. Lakini umeyasema hayo kwa sauti barabarani, kila mtu ameyasikia. Analia, mume wangu, analia na hafungui, ananitii, hajawahi kunitii hivi, na mimi namwombea dua aendelee na papo hapo namwomba afungue, fungua baba Ilham, wameshafika, na mkono wa mtu unatua begani kwangu.

Nafumbua macho. Kochi. Jua la alasiri kwenye pazia. Miguu yangu ingali juu ya mapaja ya Hamduni, na yeye amekaa wima, runinga ameizima, amenishika kifundo cha mguu kwa nguvu hata kinauma. Rafiki hakufa? namuuliza, ulimi mzito. Anatikisa kichwa. Hakufa, anasema. Basi amekufa nani? Anatazama mlango wetu, na nataka kucheka, nataka kusema mbona umenibana mguu hivyo, ndipo naona meza ya chakula haipo mahali pake, imesukumwa, imegota mlangoni. Kisha nasikia kugongwa, ngumi mbili, na nje mwanamke anaita, baba Ilham, ni mimi, Mwanahija, wameshafika, na sauti ile ni yangu, safi, naijua mpaka pumzi zake, najua miguu yake ni mitupu na najua kilichosimama nyuma yake. Hamduni ananitazama mimi. Anatazama mlango. Ananitazama tena, kwa upole na kwa woga, na mkono wake unaanza kuuachia mguu wangu, na mimi ndiye mwenye neno la kumwambia na sijui nimwombee yupi, mimi wa kochini au mimi wa mlangoni.